Windows ya Bure na Bei Yake

Kompyuta nyingi za nyumbani zinazoambukizwa katika miji yetu hazivunjwi na mtu. Hufunguliwa na wenyewe, na mara nyingi kwa sababu inayoeleweka. Mmoja amechomeka flashi aliyotoka nayo steshenari kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Mwingine amempelekea fundi laptopu "ikapigwe Windows" kwa bei ya chakula cha mchana. Wa tatu amezima masasisho kwa sababu yalimmalizia bando la wiki nzima usiku mmoja. Ukiwaita wazembe utakuwa umekosea hesabu. Kila mmoja wao alikuwa akiokoa pesa, na wadukuzi wamejenga biashara yao juu ya njia hizo hizo za kubana matumizi.

Hapo ndipo ushauri wa kawaida wa usalama wa kompyuta unapopwaya. Umeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye intaneti isiyopimwa, kompyuta mpya yenye leseni na printa juu ya meza. Anayeishi kwa bando, anayetumia mashine ya mtumba na kuchapisha saiba, hupewa orodha ya mambo ishirini yenye uzito mmoja, akachoka kabla ya kuanza la kwanza. Swali linalomfaa ni jingine: kwa fedha kidogo na bando dogo, ni kinga ipi inayozuia hasara kubwa zaidi, na ni ipi inayoweza kusubiri?

Mwizi na anachokitafuta

Kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM PC kiliitwa Brain. Kilitokea Lahore, Pakistan, mwaka 1986, na ndugu wawili waliokiandika waliweka ndani yake majina yao, anwani ya duka lao na namba za simu. Mei 2000, barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilitoka Manila, Ufilipino, ikalemaza mifumo ya barua pepe ya makampuni na serikali katika mabara kadhaa. Mwandishi wake, kijana Onel de Guzman, alitaka nywila za watu ili aingie intaneti bila kulipia. Hakufungwa, kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo.

Tangu CryptoLocker ilipotokea mwaka 2013, utundu umekuwa ajira. Programu hiyo ilifunga mafaili ya mtu kwa hesabu zisizofumbulika, kisha ikadai kikombozi, kikiwemo cha bitcoin. Baadaye zikaja programu za wizi wa kimyakimya kama RedLine, iliyojitokeza mwaka 2020. Haidai kitu na haionyeshi dalili. Inasoma nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, inakusanya vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia, inatuma vyote kwa bwana wake. Wahalifu walikuwa wakiikodi kwa ada ya mwezi hadi Oktoba 2024, polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walipokamata seva zake.

Kwa sababu kazi hiyo hufanywa na mashine, kauli ya "mimi sina cha kuibiwa" haina msingi. Hakuna anayekuchagua. Mzigo hukusanywa kutoka kwa maelfu ya watu, kisha unachambuliwa na kuuzwa. Na kompyuta ya nyumbani ina mengi: barua pepe inayotumika kurejesha akaunti nyingine zote, picha ya kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule vilivyoskaniwa, ukurasa wa Instagram ambao kwa muuza vitenge ndio duka lenyewe. Pesa za simu ziko kwenye laini, lakini WhatsApp mara nyingi imeachwa wazi kwenye kompyuta. Aliyeikalia mashine kwa mbali anaweza kuwaandikia shangazi na wajomba kwa jina lako: nitumie kidogo, nitarudisha jioni.

Flashi ya steshenari

Katika nchi ambazo watu wengi hawana printa, flashi hutembea kuliko barua pepe. Programu hasidi ya Conficker, iliyoanza kuenea Novemba 2008, ilitumia tabia ya Windows ya wakati ule ya kuendesha programu kutoka kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozima tabia hiyo hata katika Windows za zamani, nao waandishi wa virusi wakageukia udhaifu ambao hauzimwi kwa sasisho: mazoea ya mkono.

Matokeo yake ni kile ambacho vijana wa saiba hukiita kirusi cha shortikati. Folda zako hufichwa, na mahali pake huwekwa viungo vyenye majina yale yale na alama inayofanana. Ukibofya, kiungo huendesha kwanza programu hasidi, kisha kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Jenxcus, mojawapo ya jamii hiyo, ilienea kiasi kwamba Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani kuvunja mtandao wake. Njia yenyewe haijazeeka. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya Mandiant walieleza kampeni ya kijasusi iliyotumia programu ya Sogu kusafiri kwa flashi, ikizinasa ofisi za kampuni za kigeni barani Afrika, na wakataja maduka ya kuchapisha na intaneti kafe kuwa sehemu za maambukizi.

Wengi wakikuta viungo hivyo hufomati flashi kwa hasira, wakafuta kazi ambayo ilikuwa ingalimo, imefichwa tu. Ukiiagiza Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, yakiwemo ya mfumo, mara nyingi utayaona yote yapo. Ukiiagiza pia ionyeshe viishio vya majina ya mafaili, utatambua papo hapo kwamba "picha" inayoishia na .vbs au .exe si picha.

Kinga ya bei rahisi kuliko zote ni kuacha kubeba flashi. Steshenari nyingi hupokea kazi kwa WhatsApp au barua pepe. Ukituma PDF kutoka kwenye simu yako, faili limekwenda na hakuna kilichorudi nyumbani. Sharti ni moja: usifungue akaunti yako kwenye kompyuta yao ili kuwapakulia, maana hapo umewaachia kikubwa kuliko barua. Kama flashi haiepukiki, tenga moja ya safari, na nyingine isiyotoka nyumbani.

Windows ya fundi

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na ndipo panapozungumzwa kidogo. Ili kraki, yaani programu ya kuidanganya Windows au Office kwamba ina leseni, ifanye kazi, mara nyingi fundi huanza kwa kuzima Microsoft Defender, mlinzi anayekuja na Windows yenyewe. Kisha huiendesha kraki kwa mamlaka ya msimamizi, mamlaka ya kugusa kila kitu. Kuanzia hapo aliyeitengeneza anaweza kuweka chochote, wala fundi hana kipimo cha kujua. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza nakala za KMSpico, kifaa maarufu cha kuamilisha Windows kwa magendo, zilizobeba Cryptbot, programu ya kuiba nywila. Nayo STOP, iitwayo pia Djvu, programu ya kikombozi iliyowaandama watu wa kawaida tangu mwaka 2018, imesafiri zaidi ndani ya kraki na programu za bure za uongo. Mteja wa Windows ya bure ndiye soko lake.

Kinachouma zaidi ni kwamba kraki hiyo mara nyingi haikuhitajika. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa kama HP, Dell na Lenovo huandika ufunguo wa leseni ndani ya kompyuta yenyewe kiwandani. Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisi ya Ulaya au Dubai na Windows 10 Pro bado ina leseni hiyo, hata kama diski imebadilishwa. Ukipakua kisakinishi kutoka tovuti ya Microsoft, ukasakinisha toleo lile lile lililokuja na mashine, ikiunganishwa na intaneti hujiamilisha yenyewe. Ikiwa ilikuja na Home ukalazimisha Pro, haitakubali. Fundi anayeweka kraki juu ya mashine ya namna hiyo anamwibia mteja kitu kilichokwisha kulipiwa, pengine bila kujua.

Hata pale ambapo leseni haimo, Windows isiyoamilishwa huweka maandishi ya kukukumbusha pembeni mwa skrini na kukunyima baadhi ya mapambo, lakini huendelea kupokea masasisho ya usalama. Deni la kisheria linabaki, ila kiusalama ni bora kuliko iliyoamilishwa kwa kraki. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu, LibreOffice ni ya bure kihalali na hufungua mafaili ya Word na Excel. Wazo la programu huru ya ofisi si geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili. Kilichokosekana tangu hapo ni mafundi wa kuisambaza.

Baada ya Windows safi, gawa mamlaka. Tengeneza akaunti ya msimamizi yenye nywila yake, na nyingine ya kawaida ya kazi za kila siku na ya watoto. Programu nyingi zikitaka kujisakinisha, Windows itaomba nywila ya msimamizi. Mtoto aliyepakua "GTA ya bure" mara nyingi atakwama hapo, na kukwama huko hakukugharimu hata shilingi.

Masasisho dhidi ya bando

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika njia ya Windows ya kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu ya kikombozi ya WannaCry ilipita katika tundu hilo, ikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai dola 300 kwa kila moja. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Sehemu kubwa kabisa ya mashine zilizoumia zilikuwa za Windows 7, ambazo dawa yake ilikuwa imetoka karibu miezi miwili kabla.

Kwetu kikwazo ni megabaiti. Masasisho makuu ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na hufikia mamia ya megabaiti au zaidi. Ndiyo sababu wengi wameiambia Windows kwamba hotspoti ya simu ni muunganisho unaopimwa, nayo ikaacha kupakua mengi. Mpangilio huo haufai kulaumiwa. Unahitaji ratiba tu. Mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ile, ununue bando la usiku linalouzwa kwa bei nafuu, uondoe kipimo, uache mashine ifanye kazi. Penye kompyuta zaidi ya moja, washa chaguo linaloziruhusu kugawana sasisho lililokwisha kupakuliwa ndani ya mtandao wa nyumbani, ili bando lisilipwe mara mbili.

Bando likiwa dogo kabisa, kivinjari kitangulie, kwa kuwa ndicho kinachokutana na watu usiowajua kila dakika, na sasisho lake ni dogo. Yafuate masasisho ya usalama ya Windows. Matoleo mapya yenye sura mpya na gigabaiti nyingi yaje mwisho.

Lakini kuna mashine ambazo ratiba haitazifaa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Walioandikishwa katika mpango wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, baada ya hapo mlango unafungwa kwa mtumiaji wa nyumbani. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Laptopu nyingi za mtumba sokoni ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Fundi atakayezilazimisha Windows 11 kwa ujanja atapata mashine inayowaka, lakini Microsoft haitoi ahadi ya kuisasisha. Kwa mtu anayehitaji kivinjari, barua na video, Linux kama Ubuntu au Mint, ya bure na inayosasishwa, ni jibu la maana kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows hana njia hiyo. Yeye aanze kuweka akiba ya mashine nyingine.

Nywila, na barua pepe iliyo juu ya zote

Mwaka 2013 Yahoo ilidukuliwa, na baadaye ikakiri kwamba akaunti zote bilioni 3 ziliguswa. Mwizi anayepata orodha kama hiyo hujaribu jozi zile zile za barua pepe na nywila kwenye tovuti nyingine. Kwa hiyo kurudia nywila moja kila mahali ni kosa kubwa kuliko kuwa na nywila fupi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu mwaka 2017 imeacha kupendekeza kubadili nywila kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa watu hubadili tarakimu ya mwisho tu. Urefu na upekee ndivyo vinavyosaidia. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana yanatosha, mradi yasiwe methali ambayo kila mtu anaijua.

Kwa kutunza nywila nyingi, programu ya KeePass ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Asiyeitaka aandike kwenye daftari alifungie kabatini. Mwizi aliye nchi nyingine hawezi kulisoma. Barua pepe kuu iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, kwa programu ya kutoa namba badala ya SMS pale inapowezekana. Ujanja wa kubadilisha laini ya mtu kwa wakala unajulikana vizuri Kenya na Tanzania, na laini ikihama, SMS huhama nayo.

Ukishuku kompyuta imeambukizwa, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, kisha uagize kila akaunti itoke kwenye vifaa vyote. Bila hatua hiyo ya pili, mwenye vidakuzi vyako anaweza kubaki ndani bila kuulizwa nywila wala namba.

Nakala iliyochomolewa

Tarehe 27 Juni 2017 programu ya uharibifu iitwayo NotPetya ilitoka ndani ya sasisho la programu ya kodi ya Ukraine, ikaikumba kampuni ya meli ya Maersk. Karibu seva zote zilizotunza ramani ya mtandao wake duniani zilifutika kwa pamoja, maana kila moja ilikuwa ikinakili kutoka kwa nyingine. Ilisalimika moja, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika, na mashine hiyo ilikuwa haijaunganishwa shambulio lilipopita. Intaneti ya Ghana ilikuwa ya polepole mno kutuma data hizo, hivyo mfanyakazi mmoja alisafiri hadi Nigeria, akaikabidhi diski kwa mwenzake aliyeipeleka Uingereza.

Kampuni yenye wataalamu na fedha iliokolewa na kukatika kwa umeme. Nyumbani tusikusubiri. Diski ya nje inayokaa imechomekwa mwaka mzima itafungwa pamoja na kompyuta, na folda inayojisawazisha na wingu inaweza kubeba mafaili yaliyoharibika. Nakala inayohesabika ni ile iliyochomolewa na kuwekwa mbali. Si lazima kunakili kila kitu: filamu zinapatikana tena, picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka na hati zilizoskaniwa hazipatikani. Kwa watu wengi hivyo vyote vinaingia kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Kila baada ya miezi kadhaa fungua faili moja au mawili humo, kuhakikisha yanafunguka.

Ukishikwa na programu ya kikombozi bila nakala, usikimbilie kulipa wala kufuta. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, hutoa bure funguo za baadhi ya programu hizo. Kwa STOP, mafaili mengi ya kabla ya katikati ya 2019 yamefunguliwa. Ya baadaye mara nyingi hayafunguki, lakini ufunguo unaweza kupatikana siku moja.

Yanayoweza kusubiri

Kununua antivirusi hutajwa kwanza katika orodha nyingi, na hapa kunakuja karibu na mwisho. Defender, iliyomo ndani ya Windows kama antivirusi tangu Windows 8, inatosha nyumbani ikiwa imewashwa na inasasishwa. Antivirusi ya kulipia iliyokrakiwa ni kichekesho kinachojieleza. Ruta ya faiba ibadilishwe nywila ya kiwandani: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu majina na nywila sitini na ushee zinazojulikana tu. Anayetumia hotspoti ya simu ana wasiwasi mdogo hapo. Na yeyote anayekupigia kudai kompyuta yako ina tatizo, kisha akataka usakinishe programu ya kuiendesha kwa mbali, mkatie simu. Ndugu zetu wazee walioko Uingereza na Marekani wanahitaji kuambiwa hili zaidi, kwa kuwa matapeli hao huwalenga huko.

Basi mpangilio ni huu: nakala iliyochomolewa, Windows isiyo na kraki, akaunti ya kawaida, nywila ya kipekee na hatua mbili kwa barua pepe, masasisho ya mwezi, flashi ibaki nyumbani. Gharama yake yote ni flashi mbili na bando la usiku mara moja kwa mwezi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina yake ya 2018. Zinamwadhibu aliyeingia, lakini hazimrudishii mtu picha zake.

Sehemu kubwa ya mpangilio huo huamuliwa dukani, kabla mnunuzi hajaiwasha mashine. Kwa hiyo anayekwenda kununua laptopu ya mtumba, kabla ya kuuliza bei, aulize prosesa ni kizazi cha ngapi, na Windows iliyomo imeamilishwa kwa leseni ya mashine au kwa kraki ya fundi. Muuzaji asiye na jibu la swali la pili amekwisha kulijibu.